Muulize Mwalimu: Kendal iko wilaya gani?

*Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ni muuguzi, amepata kazi Uingereza, mji wa Kendal. Mkataba unasema Westmorland and Furness. Atlasi ya mdogo wake inasema Cumbria. Ramani ya zamani aliyoacha marehemu baba yao inasema South Lakeland. Na anwani inaishia na LA9, ambayo kijana wa stationari ameniambia ni Lancaster. Siku hizi utapeli wa ajira umezidi, nimeingiwa na hofu. Mji mmoja utakuwaje na majina manne? Na binti akipata shida, mkuu wa wilaya wa huko anapatikana wapi? — Mama wa Kiwira*

Marahaba, mama, na ndaga kwa barua. Kwanza tulia. Majina yote manne yanahusu mji huohuo, na hakuna hata moja la uongo. Westmorland and Furness ndilo jina la leo, kwa hiyo aliyeandika mkataba anajua anakaa wapi. Ila jina la wilaya halitoshi kuthibitisha ajira. Serikali ya Uingereza huweka wazi orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini viza za wafanyakazi wa kigeni. Binti atafute jina la mwajiri wake humo kabla hajatoa hata shilingi moja.

Sasa tuyachambue majina. Kendal ninaifahamu, mwaka 2003 nilikaa huko miezi mitatu kwa mpango wa kubadilishana walimu, na kitu cha kwanza nilichouliza shuleni ni hichohicho unachouliza wewe. Hadi 1974 mji ulikuwa katika kaunti ya Westmorland. Kaunti tuichukulie kama mkoa kwa sasa, ingawa haifanani sana na mkoa wetu. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1972, na tarehe 1 Aprili 1974 Westmorland ikaunganishwa na Cumberland, kipande cha Lancashire na kipande kidogo cha Yorkshire, ikazaliwa Cumbria. Ndani yake ziliwekwa wilaya sita. South Lakeland ilikuwa mojawapo, upande wa kusini wa nchi ya maziwa, yaani Lake District, makao makuu yakiwa Kendal. Ramani ya marehemu ni ya kipindi hicho. Halafu tarehe 1 Aprili 2023 halmashauri ya kaunti pamoja na zile sita za wilaya zilifutwa zote saba, zikaundwa mbili tu: Cumberland, na hiyo Westmorland and Furness. South Lakeland iliingia kwenye hiyo ya pili pamoja na jirani zake Eden na Barrow-in-Furness. Cumbria imebaki kama jina la eneo zima, na polisi wake bado ni polisi wa Cumbria, kwa hiyo atlasi ya mdogo wake haijakosea.

Sisi watu wa nyanda za juu kusini tunalielewa jambo hili upesi. Mtu wa Vwawa alilala Mkoa wa Mbeya akaamka Mkoa wa Songwe mwaka 2016 bila kuhamisha hata kuku. Mtu wa Makambako yalimkuta hayohayo mwaka 2012 ilipozaliwa Njombe. Tofauti ni mwelekeo. Sisi hugawa, tukisema huduma imsogelee mwananchi. Ndiyo maana wewe uliye Kiwira na jamaa zako wa Lwangwa mko wilaya moja ya Rungwe lakini halmashauri mbili. Wao waliunganisha ili kupunguza gharama, na ili mwananchi asizungushwe kati ya ofisi ya kaunti na ofisi ya wilaya. Mimi nilikuwa Kendal wakati wa mfumo wa zamani, na kuzungushwa kwenyewe nilikuona kwa macho yangu. Nitamsimulia mzee wa Ludewa hapo chini.

LA9 ni ya posta. Posikodi za sehemu zile huanza na herufi za Lancaster, mji ulioko kusini zaidi katika kaunti nyingine, na hazijali kabisa mipaka ya halmashauri. Binti aandike Kendal na LA9 yake, barua itafika.

Mkuu wa wilaya, mama, hatampata, kwa sababu cheo hicho hakipo. Hakuna mtu aliyeteuliwa kutoka juu akaletwa pale kumwakilisha mkuu wa nchi kwa kazi za utawala. Mfalme ana mwakilishi wake wa heshima kwa Cumbria nzima, ambaye hupokea wageni wa kifalme na kukabidhi nishani, lakini haagizi mtu kujenga choo wala kukamatwa. Mamlaka yako kwa madiwani, ambao huchagua kiongozi wa halmashauri miongoni mwao. Mkurugenzi naye huajiriwa na halmashauri yenyewe: nafasi inatangazwa, watu wanaomba, wanasailiwa. Westmorland and Furness ina madiwani 65. Akiwa na shida ya barabara, taka, nyumba au shule, binti amwandikie diwani wa kata yake, atajibiwa. Matibabu ni mfumo mwingine, hauko chini ya halmashauri.

Mambo mawili ya kumweleza kabla hajaondoka. La kwanza ni kodi ya halmashauri. Kila nyumba imewekwa katika daraja, kuanzia A hadi H, kulingana na bei ambayo ingeuzwa Aprili 1991. Ndiyo, thamani ya mwaka 1991 ndiyo inayotumika hadi leo. Akipanga nyumba akaishi peke yake ana haki ya kupunguziwa robo, lakini lazima aombe mwenyewe. Akipanga chumba tu katika nyumba ya watu wengi, mara nyingi mwenye nyumba ndiye hulipa. Aulize kabla ya kusaini. La pili ni kura, na hili wengi wetu hawalijui. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali, mwenye miaka 18, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, ya diwani na hata ya mbunge. Tanzania imo. Pasipoti yake ya Tanzania inakubalika kituoni kama kitambulisho. Ajiandikishe mwezi wa kwanza tu akifika. Diwani humsikiliza kwa makini zaidi mtu aliyemo kwenye daftari la wapiga kura.

*Mwalimu, tumebishana kijiweni. Ni kweli mlima mrefu kuliko yote England ni mfupi kuliko Mbeya mjini? — Dereva, Mbalizi*

Ni kweli, kaka. Scafell Pike, ulioko hukohuko Cumbria, una mita 978 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi, na Mlima Rungwe unakaribia 2,960. Lakini usiudharau. Wao huanza kupanda karibu na usawa wa bahari, miamba ina utelezi, na ukungu huteremka ghafla ukashindwa kuona hata viatu vyako. Nilipanda Old Man of Coniston, ambao ni mfupi zaidi, kama mita 800, nikashuka nimelowa hadi soksi mwezi wa sita, kiangazi chao.

*Kamwene Mwalimu. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa HGE. Kwenye ramani ya zamani ya England nimeona Lancashire iko vipande viwili, katikati bahari. Ilitawaliwaje? Pia mwalimu wetu alisema huko watu wanaishi ndani ya hifadhi ya taifa. Inawezekana? — Mwanafunzi, Mafinga*

Kamwene mwanangu. Umeangalia ramani kwa jicho zuri, maana hicho kipande ndicho kinachoeleza mambo mengi.

Anza na umbo la nchi. Mabonde ya Lake District yanatawanyika kutoka katikati kama spoki za baiskeli. Wakati wa zama za barafu yalijaa barafu nzito iliyokuwa ikiteleza polepole na kuchimba chini. Barafu ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, maji yakabaki katika mashimo marefu membamba. Windermere ndilo ziwa kubwa la asili kuliko yote England: urefu kama kilomita 17, upana haufiki hata kilomita mbili, kina zaidi ya mita 60. Ukililinganisha na Nyasa, lenye kina cha mita 700 hivi, utaona ni kisima. Ziwa Ngosi letu ni habari nyingine kabisa, lile ni kasoko ya volkano. Ukiulizwa kwenye mtihani usichanganye.

Spoki za kusini zinaishia Ghuba ya Morecambe. Huko bahari ikikupwa, maji hurudi nyuma kilomita nyingi na mchanga hubaki wazi. Kwa karne nyingi hiyo ndiyo ilikuwa barabara. Kutoka Lancaster kwenda rasi za Cartmel na Furness ukipitia nchi kavu ulizunguka milimani. Ukipitia mchangani ilikuwa safari ya saa chache, kwa miguu, kwa farasi, hata kwa gari la abiria la kukokotwa na farasi. Basi utawala nao ulipita mchangani, na rasi zile zikahesabiwa Lancashire, zikiitwa Lancashire ya ng'ambo ya mchanga. Njia yenyewe ilikuwa ya hatari. Mito hubadilisha mkondo chini ya mchanga, pana sehemu zinazomeza mtu, na bahari ikianza kujaa mtu hawezi kuikimbia. Kwa sababu hiyo tangu karne ya 16 huteuliwa kiongozi wa njia anayewavusha watu. Cedric Robinson aliifanya kazi hiyo kuanzia 1963 hadi 2019. Nilimwona mwaka ule wa 2003 akiwa mbele ya kundi kubwa, kashika fimbo, anapima mchanga kabla ya kila hatua, na nyuma yake watu wazima wakimfuata kimya. Alikuwa amepandikiza matawi ya miti mchangani kuonyesha njia, na aliyejaribu kutoka pembeni aliitwa arudi.

Reli ilifika 1857 na safari za mchangani zikafifia, lakini rasi zile zilibaki Lancashire hadi 1974, ndipo sehemu moja ikapelekwa Barrow-in-Furness na nyingine South Lakeland. Mji mdogo wa Sedbergh uliletwa humohumo kutoka Yorkshire. Hadi leo Sedbergh uko upande wa Cumbria, ila hifadhi ya taifa inayouzunguka inaitwa Yorkshire Dales. Wenyeji niliowakuta walikuwa na misimamo miwili juu ya wao ni akina nani, na wote walikuwa wakali.

Kuhusu hifadhi, mwalimu wako yuko sahihi. Hifadhi ya Taifa ya Lake District ilianzishwa 1951 kwa sheria ya 1949, na ndani yake wanaishi watu kama 40,000, wenye shule, makanisa, baa, zizi na makaburi. Huku kwetu ukisema hifadhi ya taifa watu wanafikiria Ruaha au Kitulo: geti, kiingilio, askari, na mtu haruhusiwi kulala humo ila mgeni na mtumishi. Kule sehemu kubwa ya ardhi ina wenyewe: wakulima, makampuni ya maji, na taasisi ya kuhifadhi urithi, ambayo mwandishi wa vitabu vya watoto Beatrix Potter aliiachia zaidi ya ekari 4,000 alipofariki 1943. Mamlaka ya hifadhi haiwamiliki watu hao wala ardhi yao. Nguvu yake kubwa ni kibali cha ujenzi. Ukitaka kuongeza chumba au kujenga banda, mara nyingi unakwenda kwao. Hata boti ndani ya Windermere tangu 2005 hazitakiwi kuzidi maili 10 kwa saa, na sheria ndogo hiyo ni ya mamlaka ya hifadhi.

Na usidhani watu wanavumiliwa tu humo. UNESCO ilipoiandika Lake District kuwa urithi wa dunia mwaka 2017, sababu mojawapo ilikuwa ufugaji wenyewe. Kuna kondoo wanaitwa Herdwick. Huzaliwa weusi, wakikua wanakuwa wa kijivu kama mwamba. Wanalisha milimani kwenye malisho ya pamoja ambayo hayana uzio, na kila kundi lina sehemu yake. Mwanakondoo hujifunza mpaka wa kundi lake kwa kumfuata mama yake, kizazi kwa kizazi. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia Cumbria mwaka 2001 na maelfu ya mifugo kuchinjwa, hofu ya wafugaji haikuwa hasara ya fedha peke yake. Mfugaji mmoja aliniambia miaka miwili baadaye, tukiwa tumeegemea ukuta wa mawe: kondoo nitanunua, lakini nani atawaonyesha mlima? Nimefundisha uhifadhi kwa miaka mingi, na sentensi hiyo ilinifundisha kuliko vitabu vyangu vyote.

*Mwalimu, mzee mwenzangu, salaam. Nilikuwa mwenyekiti wa kijiji huku Ludewa kwa miaka kumi. Nataka kujua, kule Uingereza kijiji kina serikali yake? Kina mkutano mkuu? Na pesa zake zinatoka wapi? Maana sisi mwenyekiti ni kuzunguka na daftari la michango. — Mwenyekiti mstaafu*

Salaam, mzee mwenzangu. Swali lako nimeliweka la mwisho ili nilijibu kwa nafasi.

Kijiji cha Kiingereza kina serikali, inaitwa parokia. Jina ni lilelile la kanisa, kwa kuwa mipaka ilitokana na maparokia ya kale, lakini tangu sheria ya 1894 halmashauri ya parokia ni chombo cha kiraia, haina padri ndani yake. Wajumbe huchaguliwa, na kwa kawaida hawalipwi. Hukutana si chini ya mara nne kwa mwaka, na milango iko wazi kwa anayetaka kusikiliza. Mkutano wa wapiga kura wote wa parokia hufanyika mara moja kwa mwaka. Wetu mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu, na hapo kwenye karatasi tumewapita, ingawa wewe na mimi tunajua ni vijiji vingapi vinaitisha yote minne.

Kazi za parokia ni ndogo ndogo: makaburi, uwanja wa watoto, vibanda vya basi, mabenchi, vishamba vya bustani vinavyokodishwa kwa wakazi. Kuhusu ujenzi wanaulizwa maoni tu. Katika ardhi kijiji chako kimewazidi mbali. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri yako ya kijiji ilikuwa inasimamia ardhi ya kijiji kizima na kugawa. Nilipowaeleza wajumbe wa parokia kule kwamba kikao cha wakulima wa Ludewa kina uwezo wa kumpa mtu shamba, walinitazama kama vile nawatania.

Lakini pesa, mzee mwenzangu, hapo wametuzidi. Parokia hupanga bajeti yake, kisha huiandikia halmashauri kubwa kwamba mwaka huu tunahitaji kiasi fulani. Halmashauri kubwa haina hiari. Inakiweka ndani ya kodi ya nyumba za parokia ile, inakikusanya na kukikabidhi. Kwenye karatasi ya kodi kila mwenye nyumba anaona mstari wa parokia yake na kiasi chake. Karani naye, ambaye kwetu tungemlinganisha na mtendaji wa kijiji, huajiriwa na parokia yenyewe na kuwajibika kwake. Mtendaji wako aliletwa na wilaya, na wilaya ikimhitaji kwingine anaondoka na funguo. Miaka kumi ya daftari la michango ninaielewa, kaka yangu alikuwa mwenyekiti Busokelo. Mwenyekiti anayeomba mlango kwa mlango hawezi kumkaripia mtu aliyemwaga taka mtoni, maana kesho atarudi kumwomba mchango wa choo cha shule. Kama kuna kitu kimoja ningekichukua kutoka kule kukileta huku, ni mstari ule mmoja kwenye karatasi ya kodi.

Nilihudhuria kikao kimoja, kijiji kimoja karibu na Windermere, jioni ya mvua, katika ukumbi wenye harufu ya makoti mabichi. Wajumbe tisa, karani na faili lake, wasikilizaji wanne na mimi. Ajenda kubwa ilikuwa benchi la kituo cha basi. Ubao wa kukalia ulikuwa umeoza, na swali lilikuwa ununuliwe wa mwaloni au wa plastiki iliyotengenezwa kutokana na taka. Walijadili dakika ishirini. Mjumbe mmoja alikuwa amekwenda mwenyewe kupima, akasoma vipimo kwa milimita.

Ndipo wakafungua nafasi ya wananchi. Bibi mmoja wa miaka themanini hivi akasimama na bahasha ya barua. Maji ya barabarani yalikuwa yanapita chini ya ukuta wake wa mawe, ukuta umeanza kulala, na pipa la taka la hapo mlangoni linasukumwa na maji hadi barabarani. Amezungushwa tangu Februari, ofisi hii inamtuma kwa ile. Mwenyekiti, mfugaji, mwenye mikono mikubwa, akanyoosha vidole kimoja kimoja. Mtaro ni wa kaunti. Ukuta, kwa kuwa uko ndani ya hifadhi na unataka kuujenga upya kwa namna nyingine, kibali ni cha hifadhi. Pipa ni la wilaya. Kidole cha nne akakishika muda mrefu kidogo: benchi ndilo letu. Hakuna aliyecheka. Akamwambia karani aandike barua tatu usiku huohuo kwa jina la parokia, na bibi asiandike tena, watafuatilia wao.

Siku hizi mtaro na pipa vina mwenyewe mmoja, yaani Westmorland and Furness. Nilipoisoma habari ya mabadiliko ya 2023 nilimfikiria bibi yule kabla ya kitu kingine chochote.

Benchi lilipigiwa kura ya mikono. Watano mwaloni, watatu plastiki, mmoja hakupiga. Wiki yangu ya mwisho kabla ya kurudi nilipita pale kwa basi. Ubao mpya ulikuwa umeshafungwa, mweupe, haujapata mvua ya kutosha kubadilika rangi, na bibi wa ukuta alikuwa ameukalia, mfuko wa vitu vya dukani magotini, anasubiri basi la kwenda Kendal.